Upimaji wa ustahimilivu wa mafuriko Kilosa na Mikumi

Upimaji wa ustahimilivu wa mafuriko ni kazi ya kukadiria uwezo wa jamii wa kujiandaa kwa mafuriko, kuvumilia madhara yake, kurudi katika maisha mazuri baada ya maji kupungua, na kubadilika ili mafuriko yajayo yasilete hasara ileile. Kazi hiyo hutumia takwimu, vipimo vya mvua na mito, picha za setilaiti na maelezo ya wananchi wenyewe.

Kilosa na Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, ni mfano mzuri wa somo hili. Mafuriko hutokea huko mara kwa mara, lakini njia za maji, kazi za watu na sababu za kuendelea kuishi mabondeni hutofautiana kati ya kata na kata. Kwa hiyo swali la nani amepona baada ya mafuriko hupata majibu tofauti kulingana na kinachohesabiwa, wakati kinapohesabiwa na watu wanaoulizwa.

## Jiografia

Wilaya ya Kilosa iko magharibi mwa Mkoa wa Morogoro. Upande wake wa magharibi kuna milima ya Ukaguru na Rubeho, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Upande wa mashariki ardhi hushuka hadi kwenye tambarare za Mkata.

Mji wa Kilosa uko kando ya Mto Mkondoa. Mto huo hupokea maji ya Mto Kinyasungwe kutoka maeneo makavu ya Mkoa wa Dodoma, pamoja na vijito vya milimani. Kwa hiyo mto unaweza kufurika mjini Kilosa hata siku ambayo mjini kwenyewe hakukunyesha mvua kubwa. Maji ya Mkondoa huelekea tambarare za Mkata, kisha Mto Wami, na mwishowe Bahari ya Hindi. Mito mingine inayojulikana kwa mafuriko wilayani ni Mkundi, unaopita Dumila, na Miyombo, katika maeneo ya Ulaya na Tindiga.

Mikumi ni mji mdogo ulio kusini mwa wilaya hiyohiyo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam – Iringa – Zambia. Jirani yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ndani ya hifadhi kuna uwanda wa mafuriko wa Mkata, ambao hujaa maji wakati wa masika na kuyaachia polepole.

Ardhi ya mabondeni ina rutuba kwa sababu mito huleta udongo mpya. Wakazi hulima mahindi, mpunga, mbogamboga na miwa, na wengine hufuga ng'ombe. Pia kuna mashamba makubwa ya mkonge. Rutuba hiyo ni sababu mojawapo ya watu kubaki karibu na mito ingawa wanajua hatari yake.

## Historia ya mafuriko

Reli ya Kati, iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, hupita katika bonde la Mkondoa na Kinyasungwe kati ya Kilosa na Gulwe. Kipande hicho kimeharibiwa na mafuriko mara nyingi. Mchanga unaosombwa kutoka nyanda za juu hujaza mkondo wa mto, kina chake kinapungua, na maji hutafuta njia nyingine kupitia tuta la reli, mashamba au makazi. Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA) limewahi kufanya utafiti kuhusu namna ya kukinga kipande hicho cha reli.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mkondoa ulifurika na kuvunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa. Zaidi ya watu 20,000 waliathirika, nyumba nyingi za udongo zilianguka, na safari za treni zilisimama. Waathirika waliwekwa katika kambi za muda, na baadhi yao waliendelea kuishi kwenye mahema muda mrefu baada ya maji kuondoka.

Mnamo Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika na kuharibu daraja la Dumila katika barabara ya Morogoro – Dodoma. Vijiji vya jirani, pamoja na Magole, vilipata hasara kubwa. Barabara ilipitika tena baada ya siku chache, kwa kuwa ni njia kuu ya nchi, ilhali familia zilizopoteza nyumba zilikuwa bado kwenye mahema. Anayepima kwa kuangalia barabara angesema eneo limerudi katika hali yake, na anayepima kwa kuangalia kaya angetoa jibu tofauti kabisa.

Msimu wa mvua wa 2023/2024 ulileta mafuriko katika sehemu nyingi za Tanzania, ukiwemo Mkoa wa Morogoro. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia nchini, na kwamba zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeathirika.

## Uhusiano na mabadiliko ya tabianchi

Mvua za Afrika Mashariki hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka kwa sababu za asili. Kati ya hizo ni El Niño, yaani kuongezeka kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na mashariki wa Bahari ya Hindi. Mvua kubwa za 1997/1998, 2019 na 2023 ziliendana na hali hizo.

Juu ya mabadiliko hayo ya asili kuna ongezeko la joto la dunia. Hewa ikipata joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua inaponyesha inaweza kuwa nzito zaidi. Ripoti ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ya mwaka 2021 ilieleza kwamba matukio ya mvua kubwa yanatarajiwa kuongezeka karibu kila mahali barani Afrika kadiri joto linavyopanda.

Jambo hili hubadilisha maana ya kupona. Kama mafuriko makubwa yangetokea mara moja katika miaka 30, kaya ingekuwa na muda wa kujenga upya na kuweka akiba. Yakija kila baada ya miaka 4 au 5, kaya inaweza kupigwa tena kabla haijamaliza kulipa deni la mara ya kwanza.

## Maana ya ustahimilivu

Mwanaikolojia C. S. Holling alitumia dhana ya ustahimilivu mwaka 1973 kueleza kiasi cha msukosuko ambacho mfumo wa viumbe unaweza kuvumilia bila kugeuka kuwa kitu kingine. Baadaye dhana hiyo ilihamia katika uhandisi, uchumi na masuala ya maafa. Mwaka 2003 Michel Bruneau na wenzake, waliokuwa wakichunguza matetemeko ya ardhi, walipendekeza kwamba ustahimilivu upimwe kwa kuangalia mambo mawili kwa pamoja: huduma imeshuka kiasi gani baada ya janga, na imechukua muda gani kurudi.

Kwa jamii za watu, wataalamu wengi hutofautisha uwezo wa aina tatu:

* Uwezo wa kuvumilia: kuendelea kula, kusoma na kutibiwa wakati wa janga bila kuuza mali muhimu.
* Uwezo wa kujirekebisha: kubadili mbegu, msimu wa kupanda, kazi au aina ya nyumba kutokana na yaliyojifunzwa.
* Uwezo wa kubadilika kabisa: kuhamisha makazi, kupanga upya matumizi ya ardhi au kubadili namna mto unavyosimamiwa.

Kurudi katika hali ya zamani si lazima kuwe ni kupona. Familia iliyojenga upya nyumba ya udongo palepale mto ulipopita imerudi ilipokuwa, pamoja na hatari yake yote.

## Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kubuni na unaeleza njia ya kupima tu. Kaya tatu zilikuwa na kipato cha pointi 100 kwa mwezi kabla ya mafuriko.

* Kaya ya kwanza ilishuka hadi 40, kisha ikapanda kwa kasi ileile kila mwezi hadi kufika 100 baada ya miezi 10. Hasara yake yote ni nusu ya 60 × 10, yaani pointi 300, ambazo ni sawa na kipato cha miezi 3.
* Kaya ya pili ilishuka zaidi, hadi 20, lakini ikarudi kwenye 100 baada ya miezi 6. Hasara yake ni nusu ya 80 × 6, yaani pointi 240.
* Kaya ya tatu ilishuka hadi 40, ikapanda polepole hadi 70 katika miezi 6, kisha ikabaki hapohapo. Kufikia mwisho wa mwaka imepoteza pointi 450, na inaendelea kupoteza pointi 30 kila mwezi.

Mpimaji anayefika wiki ya kwanza atasema kaya ya pili ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa mwishowe ndiyo iliyopata hasara ndogo. Mpimaji anayefika baada ya mwaka mmoja na kuchukua wastani ataona kipato cha pointi 90 kati ya 100 na kuandika kwamba jamii imekaribia kupona. Wastani huo unaificha kaya ya tatu. Kwa sababu hiyo upimaji mzuri huzifuata kaya zilezile mara kadhaa, na hutoa matokeo kwa makundi badala ya wastani peke yake.

## Mbinu za upimaji

Mbinu za kupima ustahimilivu hugawanyika katika makundi manne makubwa.

Kuhesabu hasara. Baada ya maafa, serikali na washirika wake hukadiria vifo, nyumba zilizobomoka, ekari zilizosombwa na gharama za kujenga upya. Mkataba wa Sendai wa kupunguza hatari za maafa, uliopitishwa nchini Japani mwezi Machi 2015, una malengo 7 ya dunia hadi mwaka 2030. Baadhi yake hulinganisha vifo na idadi ya walioathirika katika kila watu 100,000 kati ya kipindi cha 2005–2015 na cha 2020–2030. Njia hii huonyesha ukubwa wa pigo, lakini haielezi muda wa kupona.

Fahirisi za takwimu zilizopo. Mwaka 2008 Susan Cutter na wenzake nchini Marekani walitoa mfumo wa kuelezea ustahimilivu wa mahali kwa kutumia takwimu za jamii, uchumi, taasisi, miundombinu na mazingira. Njia hii ni nafuu pale takwimu zinapopatikana kwa kila eneo dogo. Kwa vijiji vya Kilosa, takwimu nyingi hupatikana kwa ngazi ya wilaya au mkoa, na hazionyeshi tofauti kati ya kitongoji cha bondeni na cha kilimani.

Uchunguzi wa kaya na jamii. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina mbinu iitwayo RIMA, inayotumia madodoso ya kaya kuhusu huduma, mali, msaada wa kijamii na uwezo wa kujirekebisha. Muungano wa Zurich Flood Resilience Alliance, ulioanza mwaka 2013, ulitengeneza kipimo cha mafuriko peke yake. Kipimo hicho huangalia mitaji mitano: watu, jamii, vitu, mazingira na fedha. Kila chanzo cha ustahimilivu hupewa daraja kuanzia A hadi D kabla ya mafuriko, na baada ya mafuriko hukaguliwa kama madaraja hayo yalilingana na yaliyotokea.

Kuwauliza watu wajipime. Katika mbinu hii mkuu wa kaya huulizwa moja kwa moja kama kaya yake ingeweza kujiandaa, kupona au kubadili njia ya kujipatia riziki endapo mafuriko makubwa yangetokea. Watafiti waliitumia Tanzania kupitia uchunguzi wa simu wa Sauti za Wananchi unaoendeshwa na Twaweza, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Ni mbinu ya haraka na inayogusa mambo ambayo dodoso la mali haliyaoni. Hata hivyo kaya yenye simu si lazima iwakilishe kaya isiyo nayo, na mtu aliyezoea shida anaweza kujipa alama ya juu kuliko mwenye uwezo mkubwa zaidi.

## Viashiria vinavyofaa Kilosa na Mikumi

Kiashiria ni alama inayoweza kuonekana au kuhesabiwa. Kwa kufuata mitaji mitano, viashiria vinavyolingana na mazingira ya wilaya hii ni kama hivi:

* Watu: je, wakazi wanajua dalili za mto kufurika na njia ya kukimbilia? Watoto walirudi shuleni baada ya siku ngapi? Je, kuhara, kipindupindu au malaria viliongezeka baada ya maji kupungua?
* Jamii: je, kamati ya maafa ya kijiji hukutana kabla ya masika au baada ya janga tu? Taarifa za vijiji vya juu ya mto huwafikia wa chini kwa muda gani? Wakulima na wafugaji wana njia ya kumaliza migogoro wanapokimbilia ardhi kavu ileile?
* Vitu: nyumba zimejengwa kwa tofali mbichi, tofali za kuchoma au saruji? Msingi uko juu kiasi gani? Daraja, kivuko, kisima na zahanati vinaendelea kufanya kazi wakati wa mafuriko?
* Mazingira: kingo za mto zina miti au zimelimwa hadi majini? Mkondo umejaa mchanga? Uwanda wa kupokea maji bado uko wazi?
* Fedha: kaya ina akiba, iko katika kikundi cha kuweka na kukopa kama VICOBA, au inapata ruzuku ya TASAF? Ililazimika kuuza ng'ombe, jembe la plau au shamba ili kupata chakula?

Uzito wa kila kiashiria hubadilika kulingana na mahali. Mjini Kilosa, tuta la mto na hali ya mkondo vinagusa watu wote kwa pamoja, hivyo kipimo cha kaya mojamoja hakitoshi. Mikumi kuna watu wengi wanaotegemea barabara kuu, kama wauza vyakula, wenye nyumba za wageni, mafundi wa magari na wanaofanya kazi za utalii. Mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza kipato kwa barabara kufungwa ingawa maji hayakuingia nyumbani kwake. Kinyume chake, mkulima wa Tindiga anaweza kupoteza mpunga wa mwaka huu na kupata udongo mzuri kwa msimu unaofuata, na kipimo cha mwezi mmoja hakiwezi kuona faida hiyo.

## Matatizo ya upimaji

Tatizo la kwanza ni *kaya zilizohama*. Waliopoteza kila kitu ndio huondoka mapema kwenda kwa ndugu au mijini. Mpimaji anayerudi kijijini baada ya mwaka huwakuta waliobaki, ambao mara nyingi walikuwa na uwezo zaidi, na matokeo huonekana mazuri kuliko hali halisi.

Tatizo la pili ni *wapangaji*. Daftari la hasara huandika nyumba kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji aliyepoteza mashine ya kushonea, magunia ya mahindi na vyombo anaweza kukosa kuandikwa, na asiyeandikwa huenda asifikiriwe misaada inapogawanywa. Hali kama hiyo huwapata wanawake wanaolima shamba lililoandikwa kwa jina la ukoo wa mume.

Tatizo la tatu ni *kukosekana kwa hali ya mwanzo*. Bila kujua kaya ilikuwaje kabla ya mafuriko, mpimaji hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya hasara hubadilika pale watu wanapotarajia msaada.

Tatizo la nne ni *kutenganisha sababu*. Mazao yanaweza kupungua kwa mafuriko, ukame, bei au wadudu. Kwa hiyo inafaa kulinganisha vitongoji vilivyofikiwa na maji na vile vya jirani visivyofikiwa. Setilaiti zenye rada, kama Sentinel-1 iliyorushwa na Ulaya mwaka 2014, husaidia kuchora mipaka ya maji kwa sababu rada huona hata kukiwa na mawingu.

## Taasisi na matumizi ya matokeo

Nchini Tanzania uratibu wa maafa uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 iliweka muundo wa kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri na tahadhari, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake mjini Morogoro, husimamia rasilimali za maji za bonde hilo. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hushiriki katika uokoaji na misaada.

Matokeo ya upimaji yanaweza kutumika kuamua mambo matatu. La kwanza ni mahali pa kuanzia: kama daraja moja hukata vijiji kadhaa na hospitali, kuliimarisha kunaweza kusaidia kuliko kugawa mahema zaidi. La pili ni muda wa msaada: kama kaya nyingi hushindwa kupanda msimu unaofuata kwa kukosa mbegu, msaada unaokoma baada ya mwezi mmoja huwaacha kabla ya mavuno. La tatu ni kuhama au kubaki. Kuhamishiwa kilimani hupunguza hatari ya kufa maji, lakini kama kiwanja kipya kiko mbali na shamba, maji na shule, watu hurudi bondeni kulima na hatimaye kulala hukohuko. Kwa hiyo viashiria vya makazi mapya hujumuisha umbali wa kwenda shambani na kisimani, na hukaguliwa tena baada ya masika ya kwanza na ya pili ili kujua ni kaya ngapi bado zinaishi kwenye viwanja walivyopewa.